Kabla ya visima 12 vya ozoni, toboa kimoja

SWALI: Habari za kazi. Nasimamia kiwanja upande wa Temeke kilichokuwa kituo cha mafuta. Tangi la chini lilivuja. Tumeshaling'oa na kuzoa mchanga wote ulionuka. Maji yako mita 3.5, mchanga laini unashuka mpaka mita 11, halafu mfinyanzi. Visima vya uchunguzi vinaonesha benzini hadi miligramu 1.8 kwa lita. Ukijumlisha na toluini, ethilibenzini na zaileni inafika karibu 9. Kloridi ni 480. Mkandarasi anataka kutoboa visima 12 vya kupulizia ozoni mara moja. Anasema jaribio ni kupoteza pesa, maana ozoni inajulikana kuwa inavunja petroli. Nimkubalie? Kama ni lazima kujaribu, tufanyeje, na nitajuaje kwamba limefaulu?

JIBU: Usimkubalie bado. Alichosema kuhusu ozoni ni kweli, ila siyo ulichouliza. Hakuna anayebisha kwamba ozoni, yaani gesi kali ya oksijeni yenye atomi tatu, inavunja petroli kwenye chupa ya maabara. Huko chini, kabla haijaifikia petroli, inakutana na madini ya chuma, manganizi, mboji na uchafu wa vyoo, na vyote hivyo vinaila. Jaribio ndilo litakalokuambia ardhi ya kiwanja chako inakula ozoni kiasi gani, gesi inatembea umbali gani kutoka kisimani, na maji yanabaki na kitu gani kibaya baada ya kazi. Hayo matatu hayapo kwenye kitabu chochote, yapo kwenye mchanga wako tu.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya yote. Kama kisima chochote kina mafuta yanayoelea juu ya maji, hata unene wa milimita chache, acha kwanza habari ya ozoni. Yanyonywe mpaka yaishe. Ozoni itamalizikia kwenye mafuta hayo bila kugusa maji yaliyo chini yake, na utakuwa unapuliza oksijeni nyingi mahali penye mvuke wa petroli. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ukiizidisha, mvuke huo unawaka kwa urahisi zaidi na kwa ukali zaidi.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo wakandarasi wengi wanapoteleza. Chukua eneo la jaribio lenye nusu kipenyo cha mita 4 na kina cha mita 5 ndani ya maji. Hiyo ni ardhi ya mita za ujazo 250 hivi. Kama nafasi kati ya chembe za mchanga ni asilimia 30, maji yaliyomo ni mita za ujazo 75. Kwa miligramu 9 kwa lita, uchafu ulioyeyuka ni gramu 675 tu. Ili kuugeuza wote kuwa hewa ukaa na maji, unahitaji ozoni gramu 3.1 kwa kila gramu moja, tena ikiwa atomi zote tatu za oksijeni zimetumika, jambo ambalo ni nadra. Jumla ni kilo 2. Mkandarasi anayeishia hapo atakuambia kazi ni ya wiki mbili.

Lakini ardhi hiyo ina uzito wa tani 400. Kama mchanga umeshika haidrokaboni miligramu 50 tu kwa kilo, hizo ni kilo 20 za mafuta, na ozoni yake ni kilo 62. Kama ardhi yenyewe, bila petroli, inakula gramu 0.1 kwa kila kilo ya mchanga, ongeza kilo 40. Kilo 2 zimekuwa kilo 104. Hizo namba mbili za mwisho nimezikisia ili uone uzito wake. Zako utazipata maabara, na ni nafuu kuliko shimo moja la kuchimba.

Kipimo cha maabara kinafanyika hivi. Chukua kilo 2 za mchanga kutoka kina chenye uchafu na kilo 2 kutoka upande maji yanakotokea, mahali pasipo na petroli, pamoja na lita 5 za maji ya kila sehemu. Mchanga na maji vinawekwa kwenye chupa ya kioo, ozoni yenye kiwango kinachojulikana inapulizwa kutoka chini, na gesi inayotoka juu inapitishwa kwenye chupa ya pili yenye maji ya iodidi ya potasiamu. Mwanzoni chupa ya pili inabaki nyeupe kama maji ya kunywa: mchanga unakula kila kitu. Baadaye inaanza kupiga manjano, kisha kahawia. Hapo ozoni imeanza kuponyoka. Fundi wa maabara anapima iodini iliyojitokeza kwa thiosulfati na wanga, anatoa kwenye kilichoingia, na tofauti ndiyo mlo wa ardhi yako. Kwenye maji yale yale, mwisho wa kipimo, apime bromati na kromiamu ya sita, sumu mbili ambazo ozoni yenyewe inaweza kuzizaa. Usimwache aondoke bila hizo mbili.

Bromati ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwa kiwanja chako. Maji ya chini ya Dar es Salaam, hasa kwenye mchanga wa karibu na bahari, yameshaingiwa na chumvi mahali pengi. Chumvi ya bahari inakuja na bromidi: kwa kila miligramu 290 za kloridi kuna bromidi karibu miligramu 1. Kloridi yako ya 480, kama yote imetoka baharini, inamaanisha bromidi ya takriban miligramu 1.7 kwa lita. Ozoni inaibadilisha bromidi kuwa bromati, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 tu kwa lita. Inahitaji sehemu ndogo sana ya bromidi hiyo kugeuka ili uvuke mpaka. Huenda kloridi yako imetoka kwenye vyoo vya shimo, ambavyo huleta chumvi bila bromidi nyingi, kwa hiyo pima bromidi yenyewe badala ya kukisia.

Kuna hila hapa ambayo watu hawaioni mapema. Wakati petroli bado ni nyingi, ozoni inashughulika nayo na bromati haionekani. Petroli ikipungua, ozoni inakosa kazi, inabaki ndani ya maji, na hapo ndipo bromati inapanda. Yaani kadiri usafishaji unavyofaulu ndivyo hatari hii inavyokua. Jaribio la siku tano litakupa majibu mazuri kabisa, na litakudanganya.

Kromiamu ni mtego wa aina hiyo hiyo: ile ya tatu, ambayo imetulia kwenye udongo, inaweza kugeuzwa kuwa ya sita, ambayo ni sumu na inatembea na maji. Mara nyingi ikitoka eneo la ozoni hurudi kwenye hali yake, lakini sharti uione ikirudi.

Kwenye mpangilio wa visima, kisima kimoja cha kupulizia kinatosha. Toboa shimo la inchi 6, weka bomba la inchi 2 lenye skrini (sehemu yenye matundu) ya sentimita 50 tu, kati ya mita 9.5 na 10. Gesi inapanda yenyewe, kwa hiyo lazima ianzie chini ya uchafu. Zungushia mchanga wa kuchuja hadi sentimita 30 juu ya skrini, weka bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa) ya mita 1 na uiloweshe maji baridi yasiyo na chumvi mpaka ivimbe, kisha saruji iliyochanganywa na bentonaiti mpaka juu. Mchimbaji aliyezoea visima vya maji ya kunywa atataka kurudishia udongo uliotoka shimoni na kumalizia kwa zege juu. Mkatalie. Gesi itapanda pembeni ya bomba kama moshi kwenye dohani, na utalipia ozoni inayotoka hewani.

Visima vya uchunguzi viwe mita 1.5, 3, 5 na 8 kutoka hapo, kila kimoja upande wake, visipangwe mstari mmoja. Kile cha mita 3 kiwe na mabomba mawili yenye skrini fupi, moja juu na moja chini. Weka kimoja zaidi upande maji yanakotokea, mbali na ozoni, kiwe cha kulinganishia. Visima vyako vya zamani vyenye skrini ndefu vinaweza kuharibu jaribio zima: gesi ikivikuta inaingia na kupanda ndani yake, maji yanachemka kwa mapovu, na mtu anaandika kwamba ozoni imefika mita 6. Imefika bombani. Vifunge kwa vifuniko visivyopitisha hewa vyenye geji. Jihadhari pia na shimo la tangi mliloling'oa. Mchanga mliojazia hapo umelegea kuliko wa asili na gesi itaupenda. Usitoboe kisima cha jaribio karibu nalo.

Presha. Juu ya skrini una mita 6 za maji, sawa na kilopaskali 59. Ongeza kiasi cha kuusukuma mchanga laini na upotevu wa njiani, utaanza kuona gesi ikiingia kati ya 70 na 90. Uzito wa ardhi iliyo juu ya skrini ni kama kilopaskali 170. Kaa chini ya asilimia 60 ya hiyo, yaani usivuke baa 1 (kilopaskali 100) kwenye kichwa cha kisima. Ukivuka, ardhi inapasuka, na ufa ukishafunguka gesi yote itapita humo humo kila siku. Dalili yake iko kwenye geji: presha inashuka ghafla huku mtiririko ukipanda. Fundi asiyejua atafurahi kwamba kisima "kimefunguka".

Mashine iwe ya gramu 100 kwa saa, inayolishwa oksijeni, si hewa. Kwa ozoni ya asilimia 6 kwa uzito inahitaji oksijeni ya lita 20 hivi kwa dakika. Konsentreta mbili (mashine za kuvuta oksijeni kutoka hewani) za lita 10 zinafanya kazi hiyo. Gesi inayotoka inachanganywa na hewa ya kompresa isiyotumia oili hadi lita 80 kwa dakika ili iwe na nguvu ya kusambaa. Ndani ya mashine, unyevu ni adui: gesi yenye unyevu kidogo na naitrojeni hutengeneza asidi ya naitriki inayokula mirija, na hewa ya Dar si kavu. Kikaushio kifikishe kiwango cha umande cha nyuzi 60 chini ya sifuri. Joto nalo hupunguza ozoni. Kontena la chuma likiachwa juani bila kiyoyozi, mashine ya gramu 100 itakupa pungufu sana na kibao chake kitaendelea kusoma asilimia ile ile ya umeme. Ndiyo maana ozoni ipimwe kwenye kichwa cha kisima, siyo kwenye karatasi ya muuzaji.

Mabomba na viungio viwe vya tefloni au chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Oringi za mpira wa kawaida ndizo za kwanza kufa: ukizifungua baada ya siku chache unakuta zimepasuka nyufa nyufa kama tope la kiangazi, na ukizibonyeza zinavunjika. Tumia za vitoni, mpira unaostahimili ozoni, na ubebe za akiba. Hakuna grisi wala oili ya aina yoyote kwenye njia ya oksijeni. Hilo huleta moto.

Umeme utakatika, lichukulie hivyo tangu mwanzo. Ukikatika, presha inashuka na maji yanapanda bombani kuelekea mashine, na mashine iliyoingiwa maji ni ya kutupa. Weka valvu ya njia moja kwenye kichwa cha kisima, valvu ya umeme inayojifunga yenyewe umeme ukipotea, na bomba lipande mita 2 juu ya ardhi kabla ya kushuka kisimani. Weka stebilaiza. Mashine isijiwashe yenyewe umeme ukirudi usiku. Mtu aje akague kwanza.

Usalama wa watu. Kikomo cha ozoni kinachotumika sana kazini ni sehemu 0.1 kwa milioni kwa saa nane, na sehemu 5 ni hatari ya papo hapo. Pua inainusa mapema, ila inazoea, kwa hiyo usiitegemee. Weka kipima hewa ndani ya kontena kinachozima mtambo chenyewe kikifika 0.1. Kupuliza gesi kunasukuma pia mvuke wa benzini juu, na huo utaingia kwenye duka, kwenye chemba au kwenye chumba cha jirani. Weka vipimo viwili vya hewa ya ardhini kwenye kina cha mita 1.5, na bomba la kunyonya mvuke lenye nguvu kuzidi unachopuliza. Mvuke ukifika asilimia 10 ya kiwango cha kuwaka, simamisha. Usipitishe hewa yenye ozoni moja kwa moja kwenye mkaa wa kuchujia, maana unaweza kushika moto. Itangulie kwenye kivunja ozoni cha manganizi.

Ratiba yenyewe. Anza baada ya masika, kuanzia Juni. Ukianza Machi, maji yatapanda, benzini itapungua kwa kuchanganyika na mvua, na kila mtu atajipongeza. Chukua sampuli za mwanzo mara mbili, wiki moja katikati. Siku ya kwanza puliza hewa tupu kwa lita 20, 40, kisha 80 kwa dakika, ukiandika presha ya kila kisima na kina cha maji kila dakika 10. Ongeza heliamu kidogo na uitafute visimani na kwenye hewa ya ardhini. Hiyo itakuambia gesi imefika wapi kwa uhakika kuliko mapovu. Kisha endelea na hewa tupu kwa wiki nzima.

Hiyo wiki ya hewa tupu ndiyo mkandarasi atakayotaka kuikata, na ndiyo ningeilinda kwa meno. Bila hiyo huwezi kujua kama benzini imevunjwa au imepeperushwa tu juu. Tena maji yako yana joto la nyuzi 27 au 28, na kwa petroli kwenye mchanga wa joto namna hiyo bakteria wakipewa oksijeni hufanya kazi kubwa. Inawezekana kabisa majibu yakaonesha kwamba kompresa peke yake inatosha, na hapo umeokoa gharama ya ozoni yote na wasiwasi wote wa bromati. Joto hilo hilo linafupisha maisha ya ozoni: kwenye maji safi ya nyuzi 20 nusu yake hupotea ndani ya dakika 20 hivi, na kwako itakuwa haraka zaidi.

Kisha ozoni: dakika 30 puliza, dakika 15 pumzika, usiku na mchana, siku 30. Mapumziko yanaruhusu maji kurudi kwenye njia za gesi na kuchanganyika na uchafu; ukipuliza mfululizo gesi inapita njia zile zile. Hiyo ni kama kilo 1.6 kwa siku, kilo 48 kwa mwezi, kabla ya kupunguza muda wa umeme kukatika na upotevu wa njiani. Haitamaliza kilo 104 za mfano wetu, na haikusudiwi kumaliza. Inatosha kukuonesha mwelekeo.

Kila siku pima oksijeni iliyoyeyuka, voltaji ya oksidisho, pH, joto na upitishaji umeme. Ozoni iliyoyeyuka ipimwe pale pale kisimani kwa njia ya indigo (rangi ya buluu inayopauka ikikutana na ozoni), haisafiri kwenda maabara. Kila wiki chukua sampuli za maabara, ukizima mtambo saa 24 kabla, la sivyo mapovu yatafukuza benzini wakati unajaza chupa. Chupa za mililita 40 zijae bila pengo la hewa, iwekwe askobiki (vitamini C) ya kuua ozoni iliyobaki, kisha asidi, na zikae kwenye barafu. Sampuli ya bromati ina chupa yake na dawa yake ya kuhifadhi. Uliza maabara kabla. Usihukumu kwa jumla ya haidrokaboni. Zaileni hushambuliwa na ozoni haraka, benzini ni mkaidi na hutegemea zaidi mabaki makali yanayozaliwa ozoni inapovunjika. Jumla inaweza kushuka kwa nusu wakati benzini haijatikisika.

Ukizima, kazi haijaisha. Pima tena siku ya 7, 30, 60 na 90, kwa sababu petroli iliyoshikwa na mchanga itarudi ndani ya maji polepole. Ningeruhusu visima 12, au idadi nyingine itakayotoka kwenye jaribio, kama kisima cha mita 3 kimepoteza angalau asilimia 75 ya benzini, kama siku ya 90 haijarudisha zaidi ya nusu ya kilichopotea, kama upungufu umezidi waziwazi ule wa wiki ya hewa, na kama bromati na kromiamu ya sita ziko chini ya kikomo kwenye kisima cha mita 8. Bromati ikifika mita 8 juu ya mikrogramu 10 na haishuki, punguza kiwango cha ozoni urudie. Isiposhuka hata hapo, ozoni siyo dawa ya kiwanja chako.

Kabla ya kuwasha chochote, peleka mpango kwa mamlaka ya taifa ya mazingira na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kwani unaingiza kitu kwenye maji ya chini. Pita pia nyumba kwa nyumba ndani ya mita 300 uorodheshe visima vyote vinavyovutwa, pamoja na vile vinavyouza maji kwa madumu. Kisima chenye pampu kubwa kinavuta maji yako kuelekea kwake, na bromati itayafuata. Wenye visima vya kunywa wapewe maji mengine kwa muda wote wa jaribio na siku 90 za baadaye, na gharama hiyo iandikwe kwenye mkataba wa mkandarasi tangu siku ya kwanza, pamoja na sampuli za siku ya 90. Malipo yake ya mwisho yafungwe kwenye sampuli hizo, siyo kwenye zile za siku anayozima mashine.